HOTUBA YA KUWASHUKURU WATUMISHI WA AFYA
Iliyosomwa na Katibu wa Kamati ya Afya ya Wakimbizi, Siku ya Wauguzi Duniani, tarehe 12 Mei



Kwa niaba ya Kamati naleta salamu, na naleta deni. Deni lenyewe ni shukrani ambazo hatujazilipa.

Wengi wetu tunaukumbuka mwezi Mei 2015. Ndugu zetu kutoka Burundi walivuka wakajaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba ikawachukua watu hadi Kigoma mjini, wakapokelewa kwenye uwanja wa mpira, kisha wakapelekwa kambini Nyarugusu. Waliougua walizidi 3,000. Waliofariki walikuwa kiasi cha 30. Kila mmoja wao tunamlilia. Lakini wazee waliokuwa Kivu mwezi Julai 1994 wanajua ugonjwa huo ukikosa wa kuuzuia unafanya nini. Kule Goma, katika mwezi mmoja tu, walikufa wakimbizi wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Kipindupindu huua kwa kumkausha mtu maji mwilini. Anayerudishiwa maji mapema hupona. Asiyerudishiwa anaweza kufa kwa saa chache. Kwa hiyo dawa peke yake haitoshi. Lazima awepo mtu. Ni muuguzi anayekesha akiangalia dripu. Ni msaidizi anayemnywesha mgonjwa kijiko kwa kijiko. Ni msafishaji anayebeba ndoo ambayo sisi wengine tunaikimbia. Ni mkalimani anayegeuza Kirundi kuwa Kiswahili, ili mama asipoteze mtoto kwa kukosa lugha. Ni mhamasishaji anayepita nyumba kwa nyumba, juani na matopeni, kuuliza nani ameharisha tangu jana. Wengi wa hao ni wakimbizi kama sisi, wanaopokea posho, wala si mshahara.

Ndugu zangu, tuseme ukweli. Kulalamika tunajua, na ni haki yetu, maana huduma mbaya haifai kufichwa. Lakini muuguzi aliyemaliza zamu yake, akarudi wodini kwa sababu mzazi alikuwa akivuja damu, nani kati yetu amemwandikia hata mstari mmoja?

Kamati inaomba mambo matatu.

Kwanza, wakazi. Ukitendewa wema, sema. Mwambie kiongozi wa kijiji chako, taja siku na wodi, naye atuletee. Usimpe mtumishi fedha wala kuku. Leo ni shukrani, kesho itakuwa bei, na maskini atakosa matibabu.

Pili, mashirika. Mkimbizi anayeacha kazi, awe anarudi nyumbani au anakwenda nchi ya tatu, apewe barua yenye kazi aliyofanya, miaka aliyotumika na mafunzo aliyopata. Makofi ya leo hatayabeba mpakani. Barua ataibeba, na huenda ikampatia kazi au nafasi ya kusoma.

Tatu, sote. Sifa zisichukue nafasi ya watumishi wa kutosha. Mtu akikesha usiku mmoja kwa hiari, huo ni moyo. Akilazimika kukesha kila wiki kwa kuwa hakuna wa kumpokea, hilo ni pengo, na pengo halizibwi kwa cheti.

Ndugu watumishi wa afya, tulifika nchi ya watu hatuna kitu, nanyi mkatushika mkono. Wengine mlituhudumia huku nanyi mkiwa na msiba nyumbani. Tumewaona. Kamati itafungua daftari la kuandika kazi zenu njema, ili wajukuu wetu waliozaliwa hapa wajue ni mikono ya nani iliyowapokea.

Mungu awabariki.