Shilingi ya Mgonjwa Yabaki Wapi?

Mama wa Mukuru kwa Njenga akiuguliwa na mtoto huenda kwanza zahanati iliyo karibu. Maradhi yakizidi, hupelekwa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, au Kenyatta. Zote mbili ni mali ya umma, lakini haziongozwi namna moja.

Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901, ilikuwa chini ya Wizara ya Afya hata mwaka 1987, ilipofanywa shirika lenye halmashauri yake. Tangu hapo imekuwa kama kijana aliyejenga nyumba yake, ingawa sehemu kubwa ya chakula bado hutoka jikoni kwa babaye, yaani Hazina.

Hospitali za kaunti zilipata taabu nyingine. Kaunti zilipokabidhiwa kazi ya afya mwaka 2013, madaraka yalishuka kutoka wizarani, lakini mara nyingi yalikwama katika ofisi ya kaunti. Katika kaunti nyingi, fedha zilizolipwa dirishani zilipelekwa katika mfuko mkuu wa kaunti. Hospitali ikiishiwa na glavu au bomba likipasuka, msimamizi huandika barua na kungoja, na mgonjwa aliyekwisha kulipa huambiwa akanunue glavu dukani. Huyo ni msimamizi kwa jina tu.

Kwa sababu hiyo ilitungwa sheria ya mwaka 2023, iamuruyo kwamba fedha zinazokusanywa na hospitali zibaki hospitalini, tena ziwe nyongeza juu ya fungu la kaunti, wala si badala yake. Neno hilo la mwisho ndilo la kuangaliwa sana, kwa kuwa mwenye hazina akiona mwenzake ana akiba, mkono wake huwa mzito.

Iko hatari nyingine. Hospitali inayotegemea malipo ya dirishani yaweza kumtazama maskini kama deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia katika Hospitali ya Pumwani wanawake waliojifungua, kwa kuwa hawakuweza kulipa, kulivunja haki zao za Katiba. Uhuru wa hospitali haukosi kuhitaji macho ya watu wa nje.

Macho hayo yaweza kuwa ya mkazi wa Mukuru mwenyewe. Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na hesabu ya dirisha la malipo ni mojawapo.