Maswali ya Kila Siku ya Kisheria na Mambo Yanayotangulia Mgogoro: Mada kwa Semina ya Wasaidizi wa Kisheria

Utangulizi

Mada hii inachunguza maswali ambayo wananchi wa Tanzania Bara huyauliza mara kwa mara wanapofika kwa wakili, kwa msaidizi wa kisheria, au kwenye mabanda ya Wiki ya Sheria ambayo Mahakama huiadhimisha kila mwaka kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari. Maswali hayo si ya aina nyingi kama inavyodhaniwa: yaliyo mengi huzunguka ndoa, kiwanja, mirathi, kazi, deni na kukamatwa na polisi, na hurudiwa karibu kwa maneno yale yale mjini na kijijini. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwulizaji huuliza kama ana haki au hana, ilhali hatima ya shauri lake mara nyingi huwa imekwishaamuliwa na ushahidi aliouweka au aliouacha, na kwa muda aliouacha upite kabla ya kuuliza. Kwa kuwa ndivyo ilivyo, elimu ya sheria inayotolewa baada ya ugomvi kuanza, hata ikiwa sahihi neno kwa neno, humfikia mtu akiwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya kile anachokidai.

Lugha nayo imechangia hali hiyo. Kwa miongo mingi sheria za nchi zilitungwa kwa Kiingereza, na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa lugha hiyo hiyo, hadi mwaka 2021 marekebisho ya sheria yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Katika pengo hilo la muda mrefu wananchi walijitungia sheria zao za mdomo, baadhi zikiwa karibu na ukweli na nyingine zikiwa mbali nao kabisa, na ni hizo ambazo msaidizi wa kisheria hukutana nazo kwanza.

Ndoa isiyo na cheti na mali iliyo kwa jina la mmoja

Mfano ulio wazi zaidi wa sheria ya mdomo ni imani kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miezi sita basi wamekuwa mume na mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina miezi sita popote. Inachosema ni kwamba ikithibitika kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya wanaowazunguka wawatambue kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kuwa walioana. Hiyo ndiyo inayoitwa dhana ya ndoa, na dhana maana yake ni jambo ambalo mahakama hulikubali kuwa kweli mpaka upande mwingine ulete ushahidi wa kulikanusha. Kwa hiyo miaka miwili peke yake haitoshi, kwa sababu mtu aliyekuwa amefungwa na ndoa nyingine ya mke mmoja, kwa mfano, hakuwa na uwezo wa kuoa, na dhana huanguka. Hata hivyo sheria haikumwacha mwanamke mikono mitupu inapotokea hivyo: anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama ina mamlaka ya kutoa amri nyingine ambazo ingezitoa kwa wanandoa, ikiwemo ya mgawanyo wa mali. Sehemu hii ya pili husahauliwa sana, hata na wale wanaotoa elimu.

Swali hilo mara nyingi hufuatwa na jingine: nyumba iko kwa jina la mume, mke hakuwa na mshahara, je, atapata chochote? Msingi wa jibu uliwekwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambapo ilikubalika kwamba kazi za nyumbani, yaani kupika, kulea, kufua na kutunza familia, ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, na kwamba maneno ya sheria kuhusu juhudi za pamoja hayawezi kubanwa yakamaanisha fedha taslimu tu. Hukumu hiyo hutajwa katika kila semina, lakini ni nadra kutajwa kwamba mrufani mwenyewe hakupata fungu alilolidai, kwa kuwa ilionekana alikuwa amepewa fedha za mradi wa familia akazitumia vibaya. Kanuni ilisimama na mrufani akashindwa. Tofauti hiyo inapaswa kuelezwa waziwazi kwa kila mke na mume, kwa sababu mahakama haigawi mali nusu kwa nusu kwa kawaida tu, bali huangalia ni nini kilichothibitishwa kuhusu kiasi cha mchango wa kila mmoja. Mwanamke aliyeuza vitumbua miaka kumi na kununua mabati ya nyumba ana hoja nzuri. Aliyehifadhi risiti za mabati hayo, au anayeweza kumleta fundi aliyelipwa naye, ana hoja nzuri pamoja na ushahidi, na huyo ndiye anayesikilizwa kwa uzito zaidi.

Yapo mambo mawili ya utaratibu ambayo wengi huyajua wakiwa wamechelewa. La kwanza ni kwamba, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, ombi la talaka haliwezi kusikilizwa mahakamani mpaka mgogoro upelekwe kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa na baraza hilo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. La pili ni kwamba mwanandoa haruhusiwi kuuza, kuweka rehani wala kutoa zawadi nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake, na mwenzi anayehofia jambo hilo anaweza kusajili zuio la tahadhari kabla nyumba haijauzwa. Zuio hilo linagharimu kidogo sana likilinganishwa na kesi ya kumfuata mnunuzi.

Mkataba wa kiwanja

Maswali ya ardhi yanastahili kuanza na karatasi yenyewe, kwa kuwa karibu kila mwulizaji huja nayo. Kwa kawaida ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari, ulioandikwa kwa mkono, wenye majina ya muuzaji na mnunuzi, bei kwa tarakimu, sahihi za mashahidi wawili au watatu, na muhuri wa serikali ya mtaa ukiwa umegongwa juu ya sahihi ya mwenyekiti. Eneo linaelezwa kuwa lipo jirani na mzee fulani au chini ya mwembe, bila vipimo, bila majirani wa pande nne kutia sahihi, bila kueleza muuzaji alilipataje, na bila neno lolote kuhusu mume au mke wake. Mwenye karatasi hiyo huuliza kama ina nguvu, akiamini kwamba muhuri ndio unaoipa nguvu. Muhuri huo unathibitisha tu kwamba watu fulani walifika mbele ya kiongozi fulani siku fulani. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na kitu cha kuuza, na hilo ndilo jambo linalobishaniwa barazani. Asilimia 10 ya bei ambayo katika mitaa mingi hudaiwa kwa ajili ya muhuri huo nayo si sharti la Sheria ya Ardhi, wala haimwongezei mnunuzi ulinzi wowote.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika Mei 2001, zinataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi, lakini ulinzi mkubwa zaidi upo kabla ya maandishi. Kama kiwanja kimepimwa na kina hati, mnunuzi anaweza kuomba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, yaani taarifa inayoonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani iliyopo na zuio lolote lililowekwa. Kama ni ardhi ya kijiji, uhamisho unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na makubaliano ya watu wawili mbele ya mwenyekiti peke yake si idhini hiyo. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu nao hauwezi kupokelewa kama kielelezo mpaka ushuru ulipwe, jambo ambalo limewasimamisha watu wengi katikati ya ushahidi wao bila sababu ya maana.

Wengine huuliza kama kukaa kwenye eneo miaka 12 kunampa mtu umiliki. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, miaka 12 ndiyo muda ambao mtu anayetaka kurudishiwa ardhi anapaswa kuwa amefungua shauri, na ukipita anaweza kufungiwa mlango. Lakini mpangaji, mlinzi wa shamba na mkaribishwa, yaani mtu aliyepewa mahali pa kukaa kwa hisani, hawageuki wamiliki kwa kukaa muda mrefu, kwa sababu waliingia kwa ruhusa ya mwenye eneo. Hapa ndipo barua fupi ya ukaribisho, yenye tarehe na mashahidi, ingemaliza kesi ambazo leo huchukua miaka. Ifahamike pia kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza la kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na ikiwa siku 30 zitapita bila usuluhishi, mlalamikaji anaweza kwenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mirathi na cheo cha msimamizi

Katika mirathi kosa lililoenea ni kumchukulia msimamizi kuwa mrithi mkuu. Msimamizi wa mirathi ni mtu aliyeteuliwa na mahakama kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni na kugawa kinachobaki kwa wanaostahili. Hapewi mali kwa kuteuliwa, na kama uteuzi umetoka Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Muhtasari wa kikao cha ukoo, ambao familia huutafuta kwa gharama na magomvi, husaidia mahakama kujua nani anakubalika, lakini kukosekana kwake hakumnyimi mjane au mtoto haki ya kuomba usimamizi.

Sheria ipi itumike ni swali gumu zaidi, kwa kuwa mahakama huangalia jinsi marehemu alivyoishi. Kwa Mwislamu, mke hupata thumni, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha, na wasia haupaswi kuzidi theluthi moja ya mali. Ikithibitika kwamba maisha ya marehemu yalifuata mila, tamko la sheria za mila la mwaka 1963 humwacha mjane akitegemea kutunzwa na watoto wake, na mabinti wakiwa katika daraja la mwisho la urithi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka wajibu wake. Kanuni ya namna hii haina utetezi katika nchi ambayo Katiba yake inakataza ubaguzi, na msaidizi wa kisheria hapaswi kuieleza kana kwamba ni jambo la kawaida. Kinga iliyo karibu ni wasia ulioandikwa na kushuhudiwa ipasavyo, na mali kusajiliwa kwa majina ya wote wawili wakiwa hai.

Kukamatwa, deni na kazi

Maswali haya majibu yake ni mafupi. Dhamana ya polisi haitozwi fedha, na anayedai malipo kwa ajili yake anaomba rushwa. Mahojiano ya mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi yana muda wa msingi wa saa nne, unaoweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria. Yapo makosa, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, ambayo hayana dhamana, na ndugu waambiwe hivyo mapema ili wasitapeliwe na vishoka. Aliyejeruhiwa achukue PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, siku ile ile, kwa kuwa tarehe iliyo juu yake ni sehemu ya ushahidi.

Deni la kawaida si jinai, na kituo cha polisi si mahali pa kulikusanyia. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, na muda wa kudai kwa mkataba ni miaka sita, ila anayedai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Ujumbe wa simu na muamala uliotumwa kwa mtandao wa simu vimekuwa ushahidi mzuri kwa wasio na karatasi.

Kwa mfanyakazi aliyeachishwa kazi hali ni ya haraka kuliko zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa ulinzi hata kama hakuwa na mkataba wa maandishi, kwa kuwa masharti ya kazi yakibishaniwa mwajiri ndiye anayepaswa kuyathibitisha. Lakini malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Wengi hutumia siku hizo kumbembeleza mwajiri, wakiahidiwa wiki baada ya wiki kwamba malipo yao yanashughulikiwa.

Kwa sababu hiyo wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua rasmi, wanaombwa kumwuliza kila anayefika mezani kwao jambo hilo lilitokea tarehe ngapi na kuiandika kabla hawajasikiliza kisa chenyewe, kisha kuipeleka elimu hii kwenye vikoba, misikitini, makanisani na kwa madalali wa viwanja, ambako mikataba inatiwa sahihi kila siku bila mgogoro wowote kuwa umeanza.