Kupima Mwanga na Rangi za Tochi za Chama

Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa



Nimepewa nafasi hii nizungumze juu ya kitu kidogo kisichokosekana katika ofisi ya chama chochote, nacho ni tochi. Huenda baadhi yenu wakaona kwamba jambo hili halistahili kuchukua muda wa mkutano. Lakini naomba tukumbuke hali ilivyo wakati wa msimu. Wakulima huchuma tangu asubuhi na kufika kituoni jioni. Matunda ya kahawa hayafai kulala. Yatakiwa yapite mtamboni siku ile ile ya kuchumwa, kabla hayajaanza kuchacha. Giza likiingia foleni ingali ndefu, na umeme ukiwa umekatika, karani huchukua tochi na kuendelea kuchambua. Tangu dakika hiyo, tochi ndiyo inayoamua tunda lipi ni bivu na lipi ni bichi. Yaani, ndiyo inayoamua jasho la mkulima lilipweje.

Kwanza, nguvu ya mwanga. Vipo vipimo viwili ambavyo huchanganywa mara kwa mara. Lumeni huonyesha jumla ya mwanga wote utokao katika tochi. Luksi huonyesha mwanga unaofika mahali fulani, kama vile juu ya meza ya kuchambulia. Tochi yenye mwali mwembamba huweza kutoa luksi nyingi mbali ingawa lumeni zake ni chache. Hiyo yamfaa mlinzi. Ile inayotawanya mwanga yamfaa karani.

Tusinunue kwa kutazama namba ya kwenye boksi peke yake. Nchini Marekani ulitolewa mwaka 2009 utaratibu uitwao FL 1, ambao mtengenezaji huufuata kwa hiari. Kwa utaratibu huo lumeni husomwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, maana tochi nyingi hung'aa sana mwanzoni kisha hufifia. Mahali boksi halitaji utaratibu wowote, heri tupime wenyewe.

Njia ya kupima ni hii. Chagueni chumba kidogo chenye kuta na dari nyeupe, usiku. Simamisheni tochi sakafuni ikielekea darini. Wekeni kipima luksi, au simu yenye programu ya kupimia mwanga, mahali pamoja pasipofikiwa na mwali wenyewe. Subirini nusu dakika, msome. Kisha fanyeni vivyo hivyo kwa tochi ambayo lumeni zake zinajulikana kwa hakika. Ikiwa tochi ya lumeni 200 imesomeka 40, na tochi mpya imesomeka 25, basi hiyo mpya ina lumeni kama 125, hata kama boksi lake linadai 1,000. Namba ya simu pekee si ya kutegemewa, lakini kwa kulinganisha tochi mbili, simu ile ile mahali pale pale yatosha.

Asiye na kipimo chochote atumie karatasi nyeupe yenye doa la mafuta ya kupikia, njia inayohusishwa na mkemia Mjerumani Robert Bunsen wa karne ya 19. Isimamisheni karatasi, muimulike kwa tochi moja kila upande, kisha msogeze moja hadi doa likaribie kutoweka. Hapo pande zote mbili zimepata mwanga sawa. Ikiwa tochi ya zamani iko meta 2 na mpya iko meta 4, mwali wa tochi mpya una nguvu mara 4, wala si mara 2, kwa sababu umbali ukiongezeka maradufu mwanga hubaki robo.

Pili, rangi, na hapa ndipo penye hasara kubwa. Tochi nyingi za LED za bei nafuu hutoa mwanga wenye samawati nyingi na wekundu kidogo. Chini yake tunda jekundu huonekana la kahawia, lililopoa. Wataalamu hupima uaminifu wa rangi kwa namba ambayo kikomo chake ni 100. Lakini tukumbuke kwamba namba hiyo ni wastani wa rangi 8 za upole. Nyekundu kali ni ya 9, nayo haimo katika wastani huo. Hivyo tochi yaweza kuandikwa 80 na bado ikaionyesha vibaya nyekundu, rangi ile ile tunayoihitaji sisi.

Jaribio lake halina gharama. Mchana, nje kivulini, chukueni matunda 20: mabivu, yaliyoiva nusu, mabichi na yaliyopitiliza. Yapangeni juu ya kitambaa cheupe, kila moja na namba yake, katibu aandike daraja la kila tunda na kulifunga daftari. Usiku ule ule, karani ambaye hakuwapo ayapange upya kwa mwanga wa tochi. Hesabuni makosa. Rudieni kwa kila tochi, na kwa umbali unaoipa meza mwanga ulio sawa, ili tusidhani kwamba tochi kali ndiyo yenye rangi njema. Afanye hivyo na karani wa pili pia, kwa kuwa wapo watu, hasa wanaume, ambao tangu kuzaliwa macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Huyo hana kosa, ila apewe kazi ya mizani.

Ndugu wanachama, tochi iliyokosea sana na ipelekwe lindoni. Iliyofaulu iandikwe jina la meza ya kuchambulia, isiazimwe. Na mkulima akibisha usiku, matunda yanayobishaniwa yajaze kopo moja, lifunikwe, litazamwe asubuhi mbele yake kwa mwanga wa mchana. Mizani yetu hukaguliwa ili mkulima asipunjwe kilo. Tochi nayo ikaguliwe ili asipunjwe daraja.