MNUNUZI, MUUZAJI NA MSHAURI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya uaminifu kazini. Neno hili tumelisikia mno hata limeanza kuchuja. Kwa hiyo nitawasimulia habari za tajiri mmoja na mtu aliyemwuzia picha, kisha tupime wenyewe.

Tajiri huyo ni Andrew Mellon, mwenye benki wa mji wa Pittsburgh, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Marekani tangu 1921 hadi 1932. Alikuwa mtu mkimya, mpenzi wa picha za wachoraji wakubwa wa kale wa Ulaya. Muuzaji wake mmoja alikuwa Joseph Duveen, Mwingereza aliyefanya biashara London, Paris na New York. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Duveen alikuwa na vizuri, na bado alivitembeza.

Alifanyaje ili asipotezane na wateja wake? Alikuwa na desturi ya kuwapa bahashishi watumishi wa matajiri ili wamletee habari za nyumbani kwa mabwana zao. Na mwaka 1936, Mellon alipokuwa akiishi Washington, Duveen alipanga fleti iliyo chini ya ile ya mzee huyo, akaijaza picha na sanamu, kisha akamkabidhi ufunguo. Mellon, aliyekuwa amekwisha pita miaka 80, akawa anateremka kutazama kila alipopenda. Mwishowe alinunua picha 24 na sanamu 18, kwa dola zipatazo milioni 21.

Msicheke, ndugu zangu. Mellon hakuwa mjinga. Mara nyingi alikaa na picha nyumbani kwake kwa muda kabla ya kukubali kuinunua, na asipopendezwa aliirudisha. Tena hakuwa na mlango mmoja tu. Kwa miaka mingi alinunua pia kwa Knoedler, na ni kwa njia hiyo alipata picha 21 za jumba la Hermitage, serikali ya Kisovieti ilipoziuza kwa siri mwaka 1930 na 1931.

Lakini liko jambo ambalo wanunuzi wa zama zile hawakuliona. Picha ya kale haina thamani mpaka mjuzi aseme ni ya nani. Mjuzi aliyesifika kuliko wote kwa picha za Italia alikuwa Bernard Berenson. Tangu 1912 Berenson alikuwa na mkataba wa siri na Duveen, na alipata fungu katika faida ya picha alizozithibitisha. Mnunuzi alidhani anasikiliza hakimu, kumbe hakimu ana hisa dukani! Sisemi kwamba kila alichosema kilikuwa uongo. Mengi yalikuwa kweli. Ubaya ni kwamba mnunuzi hakuwa na njia ya kupambanua.

Isitoshe, mwaka 1935 Mellon aliposhtakiwa kwa habari ya kodi, Duveen alisimama kumtolea ushahidi kwamba alikuwa akikusanya picha kwa ajili ya jumba la taifa. Mwaka uliofuata akamwuzia shehena ile niliyoitaja. Mwishoni mwa 1937 ilitolewa hukumu kwamba Mellon hakufanya udanganyifu. Naam, ushahidi ulikuwa wa kweli. Lakini angalieni jinsi urafiki, ushahidi na biashara vilivyokaa kwenye kiti kimoja.

Mellon alifariki Agosti 1937, na Duveen mwaka 1939. Jumba lilifunguliwa Washington mwaka 1941. Kuingia ni bure, na kwa matakwa ya Mellon mwenyewe halikupewa jina lake. Ama Knoedler, waliofanya biashara tangu 1846, walifunga milango mwaka 2011, na ikabainika kwamba kwa miaka mingi walikuwa wameuza picha za kughushi. Jina kubwa halikuwa dhamana.

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtumishi wa serikali. Sinunui picha, ila nimekaa katika vikao vya kununua madawati, dawa na mitambo ya maji. Duveen wetu huja pia, na tabasamu, kalenda ya mwaka mpya na ufunguo wake. Wala si dhambi kujuana na muuzaji. Asiyejuana na wauzaji hununua kwa upofu. Ila Mellon aliteremka na fedha zake mwenyewe. Sisi tunateremka na fedha za mama auzaye mchicha.

Kwa hiyo nawausia vijana mambo matatu. Jifunzeni kutazama kitu kwa macho yenu wenyewe, na ndiyo sababu mko darasani. Msinunue siku ile ile mnayoshawishiwa. Na kila mtaalamu anapowashauri, mwulizeni kwa adabu, tena mbele ya watu: unalipwa na nani?