NATI ISIYOONEKANA: MANENO KWA WENYE MOTOKAA KUUKUU



Kamati imetuomba tuseme habari ya kutengeneza motokaa nyumbani, maana tangu ndugu yetu alipoungua mkono watu wametuuliza sana. Sisi si mafundi wa motokaa. Sisi ni watu wa mabehewa, na kosa letu la kwanza lilitoka hapo hapo: tulidhani kwamba mtu anayefungua bolti za behewa hawezi kushindwa na nati ya gari dogo.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya mwaka 1968, ile ya mgongo wa mviringo, injini nyuma. Tulilinunua watu wanne kwa mchango, kwa ajili ya zamu ya alfajiri, saa ambayo matatu hazijaanza kupita kwetu. Klachi ilipokwisha tulitajiwa bei ambayo mifuko yetu haikuiweza. Tukakata shauri kuitoa injini wenyewe, uani, siku ya Jumamosi.

Injini ile imeshikwa kwenye giaboksi kwa nati nne tu. Mbili za chini utaziona ukilala chini ya gari. Taabu iko katika zile mbili za juu. Zimejificha nyuma ya bati kubwa la feni, mahali ambapo jicho halifiki. Mkono unapita, lakini ukiisha kupita hakuna nafasi ya kuuzungusha. Basi vidole ndivyo vinavyoona.

Sasa spana. Spana zetu zilikuwa za inchi, na nati ile ni ya milimita 17. Spana ya inchi 11/16 iliingia, tukafurahi. Mwalimu wetu wa misheni alitufundisha hesabu za sehemu kwa kiboko, na laiti tungalizikumbuka siku ile! Maana 11/16 ya inchi ni karibu milimita 17 na nusu. Ile nusu isiyotimia ndiyo iliyokula kona za nati. Mtu anayeona kwa macho huona spana inateleza akaacha. Asiyeona huzidi kuvuta tu.

Nati ikiisha kulika kona, usiongeze nguvu. Tia mafuta mepesi ya kulegeza kutu, uiache ilale usiku mzima. Kisha tafuta soketi yenye pembe sita ndani, si kumi na mbili. Ile ya kumi na mbili hushika karibu na kona, na kona zenyewe zimekwisha kwenda. Ile ya sita husukuma ubavu wa nati. Lakini kama nati ni nzima na mahali ni pembamba, hapo pembe kumi na mbili ni afadhali, kwa kuwa unaweza kuishika upya kila nyuzi 30 badala ya 60. Na ile spana ya mdomo wazi, itazameni vizuri: mdomo wake umeinama kidogo, nyuzi 15 kwa desturi. Haukuinama kwa bahati mbaya. Sogeza nati kidogo, itoe spana, igeuze juu chini, sogeza tena. Hivyo ndivyo tulivyoifungua ile ya kushoto, kwa robo saa nzima.

Ya kulia ndiyo iliyotuumiza. Bolti yake inapita ndani ya stata. Ukizungusha nati kwa juu, kichwa cha bolti kwa upande wa pili huzunguka pamoja nayo. Kuna bolti za kiwanda ambazo kichwa chake kimekatwa ubavu ili kijizuie chenyewe, lakini yetu ilikuwa imekwisha badilishwa na fundi fulani wa zamani. Basi ndugu mmoja akalala chini kukishika kichwa kwa spana. Karibu na hapo ndipo unapofungwa waya mnene wa stata, unaotoka moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi yo yote. Nasi hatukufungua betri. Kwa nini? Kwa sababu betri ya gari lile iko chini ya kiti cha nyuma, na juu ya kiti tulikuwa tumepanga vyombo vyetu. Uvivu wa kuhamisha spana kumi!

Spana iligusa waya na chuma cha gari pamoja, na pete yake ya ndoa ikawa katikati. Tulisikia ukelele tu. Alikaa nyumbani wiki tatu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu. Wiki ya tatu ilikuwa ya mchango wetu. Wala Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo haikumhusu, maana hakuumia kazini, aliumia uani kwetu.

Kwa hiyo, vua pete na saa, ufungue waya wa betri wa upande hasi kabla ya jambo lo lote. Gari lisikae juu ya jeki peke yake. Sisi tulipanga vipande vya mataruma ya zamani. Fungua nati za juu kwanza, na za chini usiziguse mpaka injini imekalia jeki yake, kwani ina kilo 90 na zaidi.

Wakati wa kurudisha, bandika nati ndani ya soketi kwa grisi au karatasi ili isianguke. Izungushe kwanza kinyume kwa vidole mpaka uisikie imedondokea uzi wake, ndipo ukaze. Futi-ratili 22 zatosha. Hili si behewa.

Tumenunua seti ya spana za milimita, nayo iko ofisini kwa Katibu. Andika jina lako daftarini, uirudishe safi siku ya Jumatatu. Soketi ya 17 imekwisha andikiwa majina mawili.