Hewa ya Ozoni na Pumzi ya Mfanya Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kisii)



Nimeombwa niseme machache juu ya pumzi. Mchukuzi wa Daraja Mbili aliyepakia mikungu ya ndizi tangu alfajiri, ikifika saa nane mchana kifua kinambana, anakohoa, na akivuta pumzi haifiki chini. Msimamizi husema, huyu mvivu. Basi sikilizeni kabla ya kulikubali neno hilo.

Iko hewa iitwayo ozoni. Ile iliyo juu sana angani hutukinga na ukali wa jua, wala hatuna ugomvi nayo. Hii ya chini ndiyo mbaya. Haitoki moja kwa moja katika bomba la gari. Moshi wa magari na mvuke wa petroli hukaa juani, jua likaupika, ikazaliwa ozoni. Kwa hiyo huzidi mchana, na upepo huweza kuichukua mbali na barabara, hata kwenye mashamba ya chai. Mvua zetu za alasiri ni rafiki. Januari na Februari, jua likiwaka, ndiyo miezi ya kuangaliwa. Tena mafundi wanaochomelea vyuma kwa umeme wajue kuwa mwanga ule nao huizalisha papo hapo, mbele ya pua.

Mtu aliyeketi huvuta kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Anayepanda kilima na gunia huweza kuvuta 50 au zaidi, na kwa kinywa. Ozoni huchokoza njia za hewa, neva zikashituka, kifua kikakataa kujaa. Wataalamu wamewapima watu wakiendesha baiskeli chumbani penye ozoni: pumzi yao ilipungua kuliko ya waliokaa tu katika hewa ile ile. Kule California, vijana wa mbio wa shule ya San Marino walichunguzwa tangu 1959 hadi 1964. Hewa ilipokuwa chafu zaidi saa moja kabla ya mbio, wengi zaidi walishindwa kupunguza muda wao. Je, nao walikuwa wavivu?

Kwa wengi kifua hufunguka baada ya siku moja au mbili. Mwenye pumu huumia zaidi. Kitambaa puani hupunguza vumbi, lakini hewa hii hupita. Kinachosaidia ni saa: kazi nzito ifanywe asubuhi, watu wapumzike mchana, na lori zinazongoja zizime injini. Mchumaji anayelipwa kwa kilo hawezi kupumzika kwa hiari yake, akipumzika amekula hasara. Ndiyo maana jambo hili lazima liingie katika mapatano.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wajumbe wetu wamo. Ulizeni viwandani kwenu kamati hiyo ilikutana lini. Kila tawi limpe katibu jibu kabla ya mkutano ujao.