Kusahihisha Daftari Bila Kufunga Ofisi

Mada kwa wakazi wa kata kuhusu utunzaji wa taarifa za wananchi katika ofisi za kijiji, shule na zahanati



Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, kuanzia Tengeru na Usa River hadi Ngarenanyuki, yapo majina ya koo yanayoandikwa kwa namna zaidi ya moja. Wapo wanaoandika Nnko na wapo wanaoandika Nko. Pallangyo huandikwa kwa L mbili au moja. Upande wa Kisongo na Oldonyo Sambu, Mollel hupoteza herufi kila mwandishi anapokuwa na haraka. Mwenye jina anajijua, na majirani wanamjua tangu utoto. Daftari ndilo lisilomjua.

Zamani tofauti hiyo haikumgharimu mtu kitu kikubwa. Leo inagharimu. Mtoto huandikwa kliniki kwa N mbili, shule ya msingi kwa N moja, na anapofika kidato cha nne cheti hufuata kile kilichoandikwa shuleni. Miaka inapita. Siku kijana huyo anapoomba mkopo wa elimu ya juu anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na majina yasipofanana maombi hukwama. Hapo mzazi huanza safari za mjini kutafuta hati ya kiapo kwa wakili, akilipa nauli na ada na kupoteza siku za shamba, huku tarehe ya mwisho ya maombi ikikaribia. Kosa lilikuwa herufi moja, na aliyeiandika huenda amekwisha kustaafu.

Basi mtu anapolisikia neno «usimamizi wa taarifa» asidhani kwamba ni jambo la kompyuta na wataalamu wa Dodoma. Maana yake ni kujua, kwa kila daftari lililopo ofisini, nani anaandika ndani yake, nani ana ruhusa ya kulisoma, nani anawajibika kosa likionekana, na litatunzwe hadi lini. Ofisi nyingi zina madaftari, lakini ni chache zenye majibu ya maswali hayo.

Sheria imekwishatungwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Sheria hiyo inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, zisizidi mahitaji ya kusudi hilo, ziwe sahihi, zilindwe, na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Mwenye taarifa anayo haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kutaka kisahihishwe. Taarifa za afya na za watoto zimewekewa ulinzi mkali zaidi. Haya si maneno magumu. Ugumu unaanza pale yanapofika mezani kwa mtumishi ambaye meza yake tayari imejaa.

Ichukuliwe zahanati ya kijiji siku ya kliniki. Muuguzi ni mmoja, au ni wawili siku ikiwa njema. Kina mama wameketi kwenye mabenchi hadi nje, wengine wameshuka kutoka mlimani tangu alfajiri. Mbele ya muuguzi yapo madaftari ya MTUHA, ambayo yeye huyajaza kwa mkono: Kitabu Namba 6 cha wajawazito, Namba 12 cha wodi ya wazazi, na vingine. Mwisho wa mwezi huhesabu, hujumlisha na kupeleka taarifa halmashauri, na kutoka hapo takwimu huingizwa kwenye mfumo wa kitaifa. Huyu akiletewa fomu nyingine ya kurasa tatu kwa jina la utaratibu mpya, litatokea moja kati ya mawili. Foleni itasimama, au fomu itajazwa usiku kwa kukumbuka na kukisia. La pili ndilo hutokea mara nyingi, na ndilo baya zaidi, maana fomu iliyojazwa kwa kukisia huonekana nadhifu kuliko daftari la kweli lenye madoa ya wino. Kwa hiyo kanuni ya kwanza inapaswa kuwa hii: anayetaka kuongeza swali jipya kwenye kazi ya mtumishi aonyeshe kwanza swali la zamani analoliondoa.

Je, inawezekana kuweka utaratibu mpya bila kazi ya zamani kusimama? Mfano mmoja mkubwa umo humu humu Arusha. Mwaka 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na mahakama hiyo ikaendesha mashauri yake katika jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, katikati ya mji. Zaidi ya mashahidi 3,000 walisikilizwa. Wengi wao walitajwa kwa herufi badala ya majina, kwa sababu jina la shahidi likivuja uhai wake ungekuwa hatarini. Kwa wakazi wengi wa Arusha, mahakama ile ilikuwa magari meupe na wapangaji wa nyumba. Ndani yake, hata hivyo, ilikuwa pia ghala kubwa la siri za watu.

Ilipofika wakati wa kuifunga, milango haikufungwa siku moja na mafaili kuhamishwa kwa malori siku ya pili. Chombo cha kurithi kazi zake kilianzishwa kwa azimio la Desemba 2010, na tawi lake la Arusha likaanza kazi tarehe 1 Julai 2012, wakati mahakama yenyewe ikiendelea na mashauri. Mahakama ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Kwa miaka mitatu na nusu vyombo viwili vilifanya kazi sambamba. Ulinzi wa mashahidi wa mashauri yaliyokwisha ulihamia kwenye chombo kipya, na wale wa mashauri yaliyokuwa yakiendelea walibaki kwa waliokuwa wakiwashughulikia, hadi mashauri yao yalipoisha. Leo kumbukumbu hizo zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya Jiji, katika majengo yaliyofunguliwa Novemba 2016.

Ofisi ya mtendaji wa kijiji haina bajeti ya Umoja wa Mataifa, na wakati mwingine haina hata kabati lenye kufuli. Hata hivyo njia iliyotumika pale haikutegemea fedha peke yake. Ilitegemea kutenganisha kilichokwisha na kinachoendelea, kisha kuhamisha kimoja bila kukigusa kingine. Hilo linawezekana hata kwenye daftari la mistari la kurasa mia mbili.

Daftari la wakazi ndilo mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa karibu kila mtu hulihitaji. Barua ya utambulisho ya kuombea kitambulisho cha Taifa, kufungulia akaunti benki au kumdhamini ndugu mahakamani hutokana na mtendaji kumtambua mtu kuwa mkazi. Njia iliyozoeleka ya kulirekebisha daftari hilo ni kutangaza zoezi: ofisi inafungwa wiki mbili, mabalozi wanazunguka nyumba kwa nyumba, wakazi walioko shambani au Mererani hawaonekani, na mwisho panapatikana daftari jipya lenye makosa mapya. Njia nyingine ni ya polepole, nayo haimfungii mtu mlango. Mkazi anapokuja kwa shida yake, mstari wake husomwa mbele yake na kusahihishwa hapo hapo kwa kufuata cheti au kitambulisho alichonacho. Kilichokosewa hukatwa kwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka, na pembeni huwekwa tarehe na saini. Mistari ya wasiokuja hubaki kama ilivyo mpaka wafike. Kazi hii huongeza dakika chache kwa mtu mmoja, na watu wanaotumia ofisi mara kwa mara ndio kumbukumbu zao hunyooka mapema.

Yapo mambo mengine yasiyohitaji hata dakika hizo. Kitabu cha wageni ni mfano. Katika ofisi nyingi za umma kitabu hicho hulala wazi mezani, kikiwa na safu ya jina, namba ya simu na «shida». Mwanamke anayefika kumwona afisa ustawi wa jamii kwa sababu ya kipigo nyumbani hulazimika kuiandika shida hiyo, na mgeni wa nyuma yake, ambaye anaweza kuwa shemeji yake, anaisoma akisubiri kalamu. Pamoja na namba ya simu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Safu ilichorwa zamani na kila mwaka hunakiliwa katika kitabu kipya. Kubadili safu ya «shida» kuwa «ofisi anayokwenda», na kitabu kikae upande wa mpokeaji, ni kazi ya rula na kalamu.

Makundi ya WhatsApp ni suala gumu zaidi, na inafaa lisemwe wazi. Yamerahisisha kazi mno. Mtendaji huita kikao kwa ujumbe mmoja, na mwalimu mkuu hutuma mahudhurio kabla ya saa nne. Kuwakataza watumishi kuyatumia kungekuwa ndiko huko kuvuruga kazi, na katazo lenyewe lisingedumu wiki. Tatizo ni picha ya orodha. Orodha ya kaya maskini, ya wanafunzi waliopata mimba, au ya wagonjwa wanaofuatiliwa ikipigwa picha na kutumwa kwenye kundi la watu arobaini haina tena mwenyewe. Mmoja huihamishia kundi la ukoo, na jioni inasomwa kilabuni. Hapa mpaka unaofaa ni mwembamba lakini unashikika: idadi ipite kwenye kundi, majina yasipite. Anayehitaji majina ayapate moja kwa moja kwa mtu anayeyatunza, na aseme anayatakia nini.

Kuhusu karatasi zilizokwisha kazi, kila aliyewahi kununua karanga au maandazi barabarani anajua zinakoishia. Si ajabu kufungua kifungashio na kukuta majina, umri na alama za mitihani za watoto wa watu. Karatasi za namna hiyo ziteketezwe kwa utaratibu na tarehe iandikwe, isipokuwa zile ambazo sheria za kumbukumbu zinataka zihifadhiwe.

Ndugu wananchi, lipo onyo moja kwa upande wa pili. Neno «siri» ni tamu kwa asiyependa kuulizwa. Ulinzi wa taarifa binafsi unamlinda mtu, jina lake, ugonjwa wake, umaskini wake na mtoto wake. Haulindi mapato na matumizi ya kijiji, majina ya wakandarasi, wala gharama za darasa lililojengwa kwa michango. Hayo ni mali ya mkutano mkuu wa kijiji, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ipo kwa ajili ya wanaoyauliza. Mtumishi anayekataa kusoma mapato na matumizi kwa kisingizio cha sheria ya mwaka 2022 ameisoma sheria hiyo vibaya, au hakuisoma.

Kwa upande wa mwananchi, kazi inayobaki ni ndogo. Anayekwenda ofisi ya kijiji, shule au zahanati achukue cheti chake cha kuzaliwa au kitambulisho hata kama hakuombwa. Aombe kusomewa mstari wake. Akiulizwa jambo ambalo halioni kuwa linahusika na huduma aliyoifuata, anayo haki ya kuuliza linatakiwa la nini, na aulize kwa adabu, maana mara nyingi anayemhoji naye hajui na amelikuta swali kwenye fomu. Na kama jina lake ni Nnko kwa herufi mbili, alitaje herufi kwa herufi kabla kalamu haijagusa karatasi, hasa siku ya kumwandikisha mtoto darasa la kwanza.